Umeme Ulipotulia, Betri Zikaanza Kufa

Mgawo wa umeme uliwaumiza wengi nchini, lakini kwa betri za kompyuta nimeona jambo ambalo watu hawalitarajii: nyingi zaidi zimekufa baada ya umeme kutulia. Nayasema haya nikiwa mwalimu Dodoma mjini, katika shule ambayo chumba cha walimu kina soketi kila ukuta, na kila soketi ina laptopu au kishikwambi kilichochomekwa tangu asubuhi hadi kengele ya kutoka. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingiza megawati 235 kwenye gridi ya Taifa. Mgawo uliokuwa ukitusumbua tangu mwaka uliotangulia ukapungua, kisha ukasahaulika. Mwaka 2025 mitambo yote 9 ikakamilika, megawati 2,115 kwa jumla. Ni katika kipindi hicho wenzangu walipoanza kuniletea mashine zao, huyu akitoka yule anaingia, lalamiko likiwa moja: ukichomoa tu, inazima.

Umri una sehemu yake, sikatai. Betri huzeeka hata ikikaa kabatini. Lakini mashine nyingine zilizoletwa hazikuwa na hata miaka miwili, na ndizo zilizonirudisha kwenye miaka ambayo umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha na betri zikadumu.

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kule kwenye vilima vya Chimwaga. Chuo kilikuwa na miaka 4 tu tangu kianzishwe. Mwaka huo maji ya Bwawa la Mtera yalishuka mno, na watu ambao hawajawahi kuliona bwawa lile waliijua namba 690. Ni mita kutoka usawa wa bahari. Maji yakifika hapo, mitambo haitakiwi kuendelea kuzungushwa. Bwawa likijaa sawasawa, maji hufika mita 698.5. Mtera lenyewe huzalisha megawati 80 tu, lakini ndilo ghala la maji yanayoshuka hadi Kidatu, penye megawati 204, hivyo Mtera ikikauka nchi nzima inajua. Julai ya mwaka huo, Bunge likiwa linakaa hapa hapa mjini, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikwama, ikabidi irudishwe ikaandaliwe upya. Sisi kule juu kilimani tulikuwa tukiandika tasnifu.

Nilikaa chumba kimoja na kijana wa Singida aliyekuwa akisomea kompyuta. Jioni moja, umeme ukiwa umekatika na mimi nikiandika, aliniuliza, “Kaka, unajua hiyo mashine yako inakula wati ngapi?” Sikuwa nimewahi kulisikia swali la namna hiyo. Akanionesha. Betri yangu ilikuwa na wati-saa 48. Kioo kikiwa kimewashwa mwanga wote, modemu ya intaneti ikiwa imechomekwa, na diski ikizunguka ndani bila mtu kuitazama, mashine ilikuwa ikila kama wati 20. Gawanya: saa mbili na dakika ishirini na kitu. Akachomoa modemu, kwa sababu modemu huendelea kuwasiliana na mnara hata kama hujafungua ukurasa wowote. Akatoa diski. Akashusha mwanga hadi karibu theluthi. Akazima Bluetooth ambayo hakuna aliyekuwa akiitumia. Akausogeza ukaguzi wa virusi, uliokuwa umepangwa kuanza kila jioni, hadi saa ambazo umeme huwa upo. Tukapima tena: wati 12, yaani saa 4.

Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo nalifundisha darasani. Windows 7 ilikuja na mipango mitatu ya matumizi ya umeme: wa wastani, wa kubana na wa kasi. Yeye hakuchagua hata mmoja. Alitengeneza wa nne, akauita Mgawo. Ndani yake aliiwekea prosesa ukomo wa nusu ya nguvu zake, kioo kizime baada ya dakika 2 za ukimya, na diski kuu isimame baada ya dakika 5. Alinieleza kwa utulivu kwamba anayeandika tasnifu anahitaji herufi zionekane kiooni na kazi ihifadhiwe, basi. Prosesa ya kuchezea michezo haina kazi hapo. Wiki hiyo mpango wa Mgawo ulihama kutoka laptopu hadi laptopu katika korido yetu yote.

Kwa hiyo nilijifunza kwamba mipangilio ya umeme ni uamuzi kuhusu kazi. Unajiuliza kwanza leo nafanya nini, ndipo unajua kipi kizimwe. Anayepunguza kila kitu bila kujiuliza hivyo huishia kukaza macho kwenye kioo chenye giza huku programu tatu asizozihitaji zikifyonza chaji nyuma yake. Hadi leo nikimkuta mwanafunzi analalamika kwamba betri inaisha haraka, swali langu la kwanza ni lile la yule kijana wa Singida.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyelipanga. Kwa kuwa umeme ulikuja na kuondoka, betri zetu hazikupata nafasi ya kukaa zimejaa. Zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, na mara nyingi umeme ulikuja usiku, wakati Dodoma imepoa. Tulikuwa tukizitendea betri zetu vizuri kwa kulazimishwa na shida.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa kituo wilaya ya Chemba, upande wa Kwa Mtoro. Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Nyumba yangu ya bati ilikuwa na paneli ya sola ya wati 50, betri ya gari na inveta ndogo. Jua la uwanda wa kati ni kali kweli kweli, lakini paneli hiyo, hata ikipata saa 5 za jua zuri, haiwezi kuvuka wati-saa 250 kwa siku, na kwa vumbi lile la kiangazi ilikuwa chini ya hapo. Ndani ya hizo kulikuwa na taa, redio na simu za majirani, maana kwenye kijiji kama kile huwezi kumwambia mama mwenye mtoto aliyeko Dar es Salaam kwamba simu yake haichajiwi kwako. Laptopu ilipata kilichobaki. Inveta nayo ilichukua ushuru wake: inabadilisha umeme wa volti 12 kuwa 230, kisha chaja ya laptopu inaushusha tena hadi 19, na kila hatua joto linapotea hewani. Fundi mmoja wa mnadani aliniuzia chaja ya gari inayochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12. Inveta ikapumzika.

Mkuu wetu wa shule alikuwa mzee mwenye busara, aliyeanza kazi enzi za redio za betri za kuchaji. Aliniona nachaji laptopu ikiwa na asilimia 40, akaniita. “Mwanangu, betri iache iishe kabisa ndipo uichaji, la sivyo itazoea.” Shauri hilo lilikuwa sahihi kwa betri za nikeli na kadimiamu alizozitumia ujanani. Nikamwambia, “Ni kweli Mkuu, zile za zamani zilikuwa hivyo. Hizi ni za lithiamu, Mkuu, zenyewe kumalizwa hadi sifuri ndiko kunakozichosha.” Nikamweleza kwamba betri za namna hii ziliingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na kwamba kwa kawaida zinahesabu mizunguko: baada ya mizunguko kamili 300 hadi 500, nyingi hubaki na karibu asilimia 80 ya uwezo wake. Mara mbili nusu nusu ni mzunguko mmoja, kwa hiyo kuchaji kidogo kidogo hakumpunji mtu kitu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia niyaandike kwenye manila tuibandike ofisini, walimu wote wayasome. Mwaka 2019, wanasayansi watatu waliozifanya betri hizo ziwezekane, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipopewa Tuzo ya Nobel ya kemia, nilimpigia mzee kumpa habari. Alikuwa ameshastaafu. Aliikumbuka manila.

Chemba pia ndiko nilikojifunza kuhusu kufunga kifuniko. Mwalimu mwenzangu alitumwa mjini kupeleka matokeo ya mtihani wa majaribio, yakiwa kwenye laptopu ambayo alfajiri ilikuwa na asilimia 90. Aliifunga kifuniko, akaiweka kwenye begi, akapanda basi. Alipofika Dodoma mashine ilikuwa ya moto na chaji imekwisha. Ukifunga kifuniko, laptopu nyingi hulala tu: kazi inabaki kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo hulishwa umeme muda wote. Mashine za siku hizi zina tabia mbaya zaidi, huamka zenyewe ndani ya begi kupokea barua pepe na masasisho, bila hewa, na zinaweza kuchemka. Dawa ipo ndani ya mashine ile ile. Windows ina namna nyingine ya kupumzika inayoitwa Hibernate: kazi yote huandikwa kwenye diski, mashine ikazimika kabisa, na ukiiwasha unakuta kila kitu pale ulipokiacha. Haili umeme. Kwenye mashine nyingi imefichwa. Lazima uende kwenye mipangilio ya umeme, sehemu ya kuchagua kifuniko kikifungwa nini kitokee, uiwashe mwenyewe. Kwa msafiri wa barabara zetu, huo ndio mpangilio wa kwanza ninaomshauri aubadilishe.

Na joto. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu maandishi mengi kuhusu betri yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na joto hupewa sentensi moja. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla ya mvua, chumba chenye bati lisilo na dari huku kwetu kinawaka kuanzia saa sita mchana hadi jua linapozama. Kuna vipimo ambavyo mafundi wa betri hupenda kuvitaja: betri ya lithiamu ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzijoto 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na kama asilimia 96 ya uwezo wake. Betri ile ile ikihifadhiwa kwenye nyuzijoto 40 ikiwa imejaa, hubaki na kama 65. Zisome tena namba hizo. Haijatumika, haijaanguka, haijaibiwa, na theluthi ya uwezo imekwenda. Seli ikijaa hufika volti 4.2, na kwenye volti hiyo kemikali za ndani huanza kulana polepole, joto huziharakisha. Kujaa peke yake kuna madhara, na joto peke yake lina madhara. Vikikutana ndipo betri inapokufa kabla ya wakati.

Kule Chemba tulichaji asubuhi, jua likishaanza kuipa paneli nguvu na bati likiwa bado halijapata moto. Mchana laptopu ilikaa kwenye sanduku sakafuni, saruji ikiwa baridi. Hatukuiweka juu ya godoro ikiwa imewashwa, maana godoro huziba matundu ya hewa. Na kila baada ya muda tulifungua mfuniko wa chini kupuliza vumbi, kwa kuwa vumbi la Dodoma likijaza feni, feni hukimbia zaidi, chaji huisha mapema na joto halitoki.

Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022 ilinikuta nimeshahamia mjini, nikawa karani katika wilaya ya Bahi. Tulipewa vishikwambi. Kilichokuwa kikila chaji kuliko vyote ni mtandao hafifu. Kifaa kikikosa mnara karibu, redio yake huongeza nguvu na kuhangaika kuutafuta. Kaya nyingi tulizopita zilikuwa mahali ambapo mtandao unaonekana na kupotea. Niliweka hali ya ndege wakati wa mahojiano, nikashusha mwanga kila tulipoingia kivulini, nikaufungua mtandao nilipofika penye mnara ili kutuma. Wakati wa mchana kishikwambi kilikaa ndani ya mkoba wa kitambaa, mbali na jua. Karani mmoja wa eneo la jirani alikuwa akikibeba mkononi juani siku nzima, kikawa kinazima kwa joto katikati ya mahojiano huku chaji ikiwa bado nusu. Pawabanki haisaidii hapo.

Baada ya sensa, vishikwambi vile viligawiwa walimu nchi nzima. Nilifurahi sana, na bado nafurahi. Ndivyo hivyo sasa ninavyoletewa vikiwa hoi.

Kesi iliyonisukuma kuandika ni ya laptopu ya ofisi ya taaluma katika shule yetu. Ndiyo inayotunza alama zote. Imekaa mezani, dirishani, imechomekwa usiku na mchana, wikiendi na likizo. Siku moja mwalimu wa taaluma aliniambia kwamba sehemu ya kuguswa ya kuendeshea kielekezi imegoma kubonyea. Nikaitazama kwa ubavu: mashine imenyanyuka katikati. Tuliizima, tukaipeleka kwa fundi maeneo ya Majengo. Kijana yule aliigeuza mara moja tu. “Shikamoo mwalimu. Hii usiibonyeze tena, betri imevimba.” Aliitoa kwa uangalifu, akaiweka kwenye ndoo ya mchanga. Betri ya namna hiyo ikitobolewa inaweza kuwaka. Nawaomba sana wenzangu wa mashuleni, msiitupe kwenye shimo la taka tunalochoma moto kila Ijumaa. Mrudishieni fundi.

Tangu hapo nimezipima mashine zote zinazonijia. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport, nayo inakuandalia ripoti. Ndani yake tafuta namba mbili: uwezo betri ilipotengenezwa, na uwezo wake leo ikijaa. Laptopu moja ya mwalimu wa Jiografia ilitoka na 48,000 na ikawa imebaki 19,000. Alikuwa ameshaambiwa dukani kwamba tatizo ni chaja, karibu anunue nyingine. Anayenunua laptopu iliyotumika, ya Dubai au ya hapa hapa Sabasaba, amwombe muuzaji ripoti hiyo kabla ya kutoa hela. Muuzaji mwaminifu hatakataa, ni suala la dakika moja.

Kisha tunaweka ukomo. Huu ndio mpangilio ambao miaka ya mgawo hatukuuhitaji na sasa tunauhitaji kuliko yote: kuiambia mashine isichaji kupita asilimia 80. Lenovo wameuweka kwenye programu yao ya Vantage, ASUS kwenye MyASUS, ambako kwenye baadhi ya mashine unaweza hata kuchagua 60. Kwenye HP na Dell nyingi unaingia kwenye BIOS wakati mashine inawaka. Vishikwambi na simu nyingi za sasa vina kinga ya betri kwenye mipangilio. Mashine ya zamani isiyo na kitu hicho huchomolewa kwa mkono. Laptopu ya taaluma, ambayo kazi ya betri yake ni kushikilia tu umeme ukiyumba hadi mwalimu ahifadhi alama, tumeiwekea 60 na tumeihamisha kutoka dirishani.

Wapo wanaonipinga, na hoja yao nimeisikia mara nyingi: umeme sasa upo, betri ya nini? Umeme upo, lakini bado kuna siku nguzo inaanguka, transfoma inalipuka, au upepo wa Dodoma unagonganisha nyaya. Laptopu yenye betri iliyokufa hupoteza kazi kwa kukatika kwa sekunde moja, kitu ambacho mwaka 2011 hakikuweza kunitokea. Wengine wananiambia ukomo wa 80 unawanyima chaji. Unawanyima kweli, na siku ya safari au ya usimamizi wa mtihani kijijini, ondoa ukomo usiku, ijaze, ondoka nayo asubuhi. Kujaza kwa ajili ya safari hakuiui betri. Kinachoiua ni kukaa imejaa, mwezi baada ya mwezi, kwenye chumba chenye joto, bila mtu kuihitaji.

Hali ya kubana chaji, ambayo Windows huiwasha yenyewe chaji ikibaki kidogo, mimi huipandisha ianze mapema zaidi nikiwa nje ya mji. Rangi nyeusi kwenye kioo, ambayo vijana wanaamini inaokoa sana, husaidia kwenye vioo vya OLED. Kwenye laptopu zetu nyingi za LCD taa ya nyuma inawaka vile vile, kwa hiyo shusheni mwanga wenyewe.

Wakuu wa shule wanaonisoma, kila likizo ya Desemba vishikwambi hukaa kabatini wiki kadhaa katika msimu wa joto kali kuliko wote. Kabla ya kufunga ofisi, agizeni kila kimoja kiachwe na chaji ya nusu, kizimwe kabisa, na kabati liwe kwenye chumba chenye dari.